Mkuu, usitume hela kabla hujaona msuka

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema muuzaji wa mtandaoni anakuharakisha ulipie upanga wa samurai wa miaka ya 1840 wenye nakshi ya joka, na unauliza kama joka linapandisha bei na utauhifadhi vipi usishike kutu. Picha zote ulizoweka ni za joka. Ya msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, hakuna hata moja. Hivyo hivyo ndivyo nilivyopigwa mimi.

Niko Japani, nauza magari yaliyotumika. Upanga niliouziwa ulikuwa na kurikara: joka lililojiviringisha kwenye upanga ulionyooka na kuumeza kuanzia nchani, alama ya Fudo Myoo, mlinzi mkali wa Kibuddha. Nikaambiwa ni kazi ya Taikei Naotane, mhunzi mkubwa wa Edo (Tokyo ya leo) aliyefariki 1857. Muuzaji akanihakikishia kwamba hakuna anayechonga joka kwenye chuma kibovu. Uongo mtupu! Chuma kibovu nacho hutafutiwa joka. Nilipoomba afungue mpini alidai utaharibika, nami nikalipa, akiba yote ikaenda.

Niliupeleka kwa msuguaji wa panga. Joka hakulitazama kabisa. Alisukuma kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, mpini ukachomoka bila kuharibika chochote, akauinamia msuka. Kutu ya msuka mkongwe ni nyeusi yenye ukahawia, imetulia. Kwenye msuka wangu herufi za jina zilikuwa zimeikata kutu hiyo, ndani yake chuma bado kipya. Maana yake upanga ulifuliwa na mtu mwingine, jina la Naotane likachongwa baadaye.

Ndipo akageukia joka. Katana, yaani panga za samurai, nyingi zina ngozi ya chuma kigumu nje na kiini laini ndani. Kila upanga unaposuguliwa, ngozi inakonda, mpaka malengelenge na nyufa zilizojificha tangu kufuliwa zinajitokeza. Nakshi ya asili huzeeka pamoja na ubapa: magamba yanalainika, mifereji inapoteza kina. Joka langu lilikuwa na magamba makali kama ya jana, juu ya ubapa uliochoka. Pembeni ya kucha moja akanionyesha ukingo wa lengelenge ambalo patasi haikulimaliza. Wajapani huiita atobori, nakshi iliyoongezwa baadaye. Joka halikuwa linamlinda samurai, lilikuwa linalinda lengelenge! Wanunuzi wa magari wanaijua hila hii: mlango mmoja unang'aa kuliko mingine, ujue uligongwa. Kuusugua upya akakataa, ngozi iliyobaki isingestahimili.

Huyo muuzaji hadi leo ananikera, na wale wanaojiita wajuzi mitandaoni wanaosema joka ni alama ya ubora wananikera zaidi. Wanawachafua mafundi wa kweli. Nakshi za panga nyingi za Naotane zilichongwa na mwanafunzi wake Honjo Yoshitane, na zinatetemesha. Gassan Sadakazu wa Osaka (1836–1918) alifua na kuchonga mwenyewe, akaendelea hata baada ya amri ya 1876 kukataza watu kutembea na panga, na mwaka 1906 akateuliwa kuwa msanii wa nyumba ya kifalme. Nakshi ya mkono kama huo inapandisha bei, ndiyo. Ya kufunika ugonjwa inaishusha.

Kwa hiyo msuka kwanza, joka baadaye. Hata cheti cha Hozon, cha kuthibitisha upanga, kinachotolewa na NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za sanaa kilichoanzishwa 1948, hubandikwa picha ya msuka. Kama muuzaji wako anacho, linganisha tundu la kijiti, mikwaruzo ya tupa na kila mstari wa jina.

Mwandikie leo. Taka picha za msuka pande zote mbili, mchana, bila mwanga wa kamera, na picha ya ubapa upande usio na joka. Akileta hadithi ya mpini kuharibika, achana naye hata akikupunguzia nusu ya bei. Akituma, ziweke hapa tuzisome pamoja kabla hujaenda benki.