Grupu la WhatsApp linaweza kulipia vinyoya? Maswali ya wasomaji

SWALI: Habari za kazi Mshauri. Mimi ni admini wa grupu la WhatsApp la wacheza badminton hapa Kisumu. Tulianza 2021 tukiwa watu tisa, saa hii tuko 180. Tunacheza ukumbini Jumatatu, Jumatano na Jumamosi na kila mwezi tunamaliza mikebe mitano ya vinyoya, vile vya manyoya tunavyopiga kwa raketi, mkebe ni 3,200, na kuchanga imekuwa shida manake ni walewale watu ishirini ndio hutoa. Sasa kuna mwenye duka la vifaa vya michezo hapa mjini amesema atatupa 2,000 kwa mwezi niwe naposti matangazo yake kila siku asubuhi. Mwekahazina wetu anasema tuchukue haraka kabla hajabadilisha nia, lakini mimi roho inasita. Hiyo ni bei nzuri? Na je, ni vibaya nikijikatia kidogo, kwa sababu simu ni yangu na bando ni langu?
*Mama Wawili, Milimani, Kisumu*

JIBU: Dadangu, asante kwa kuandika, na kwanza hongera, kutoa grupu watu tisa mpaka 180 na bado watu wanakuja kucheza ni kazi kubwa. Kuna magrupu yana watu wengi kuliko lako lakini kazi yao ni kutumiana salamu za asubuhi na video za mahubiri. Lako lina watu wanaotoka nyumbani jioni na raketi mgongoni, na hicho ndicho mwenye duka ameona, ndicho unafaa kukipigia hesabu.

Usichukue hiyo 2,000. Ukigawa kwa siku 30 ni kama shilingi 67 kila tangazo, lakini hata angesema 10,000 ningekwambia hapana kwa sababu ya hilo neno "kila siku". Watu hufungua grupu lako wakijua kuna kitu chao humo, nani anakuja leo, ukumbi uko wazi ama umekodiwa na watu wa harusi, nani ana nafasi kwa gari akipitia Kondele. Wakianza kukutana na picha za viatu kila asubuhi watazima mlio wa grupu, na wakishazima hawatasoma hata ile siku unaandika kwamba leo stima zimepotea hatuchezi. Hapo wewe umeharibu grupu na mwenye duka naye hajapata wateja. Na WhatsApp yenyewe hailipi admini hata senti, grupu liwe la watu kumi ama lijae wale 1,024 wanaokubaliwa, kwa hivyo pesa yote ni ya mdhamini na mdhamini atalipa tu kama watu bado wanasoma.

Kabla hujarudi kwake keti na daftari. Wewe mwenyewe umesema mnamaliza mikebe mitano kwa mwezi, hiyo ni 16,000, miezi mitatu ni 48,000, na hiyo pesa mtaitumia tu, iwe kwake ama kwa duka lingine. Akibaki na faida ya asilimia 20, ni 9,600. Sasa ongeza nyuzi: tuseme watu 20 wanabadilisha nyuzi za raketi mara moja kwa hiyo miezi mitatu, kila mtu 1,300, ni 26,000, akibaki na robo ni 6,500. Tuseme tena watu kumi wamenunua viatu vya 5,000, akibaki na asilimia 20 ni 10,000. Jumla inafika kama 26,100 kwa miezi mitatu. Hizi ni hesabu za mfano, wewe weka za ukweli, uliza watu wako mmoja mmoja walinunua nini mwaka huu na walilipa ngapi. Lakini unaona vile yeye alikuwa anapanga kukupa 6,000 kwa muda huohuo.

Mimi ningemwomba 4,000 kwa mwezi, mkataba wa miezi mitatu kwa maandishi, na mkebe atuuzie 2,900 badala ya 3,200. Hapo mnaokoa 1,500 kila mwezi kwa vinyoya, ukijumlisha na ile 4,000 ni 5,500, karibu theluthi ya gharama yenu ya vinyoya imeshuka. Naye bado anabaki na faida yake, na ni muhimu abaki nayo, manake mdhamini anayeumia hatarudi mkataba ukiisha.

Kwa hiyo pesa mpe tangazo moja kwa wiki, basi. Liandike wewe kwa maneno yako, usibandike lile alilotumiwa na kampuni, na mwanzo kabisa uweke TANGAZO LA MDHAMINI ili mtu asije kusema alidhani ni ushauri wako wa bure. Weka na neno la siri, mtu akifika dukani akitaja hilo neno anapunguziwa kitu kidogo, na mwenye duka anaandika kwa kitabu ni wangapi wametaja. Hilo neno ndilo litakutetea ukienda kuomba mkataba wa pili. Bila hesabu ya watu waliofika, mtakaa mnabishana kama matangazo yalisaidia ama hayakusaidia.

Na tangazo lenyewe liwe na kitu cha kumfaa mchezaji. Majuzi nilikuwa ukumbini nikaona mzee mmoja amekaa kwa benchi, amefungua thamosi ya maji moto, anapitisha kinyoya juu ya mvuke ili manyoya yalainike yasikatike haraka, halafu anayahesabu kwa kidole yale 16 moja moja. Kile kimevunjika mawili anakitupa kwa mkebe wa watoto wa mazoezi. Mtu kama huyo ukimwandikia "karibuni dukani kwetu kwa bei poa" unampotezea wakati. Lakini mwandikie hivi: kwenye mkebe kuna namba ya kasi, 75, 76, 77, namba ikipanda kinyoya kinaenda mbali zaidi, na sisi Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari tena joto ni jingi, na hayo yote hufanya kinyoya kiende mbali, kwa hivyo kama vinyoya vyenu vinatoka nje kwa nyuma kila saa, angalieni hiyo namba, duka fulani wako na ya 75. Hiyo atasoma mpaka mwisho na atamtumia na rafiki yake wa Kakamega.

Kwa kila aina ya biashara mdhamini awe mmoja, usichukue maduka mawili ya raketi. Lakini biashara zingine zina nafasi yao: daktari wa viungo anayeelewa magoti na mabega, mtu wa maji ya kunywa ya chupa kubwa, mkahawa wa samaki kule Dunga ambapo mtaenda baada ya mashindano. Hata hivyo wakiwa watatu inatosha, wiki ina matangazo matatu na zaidi ya hapo watu watachoka. Kampuni za kamari ukiniuliza mimi nitasema hapana bila kufikiria mara mbili. Kwa magrupu mengi ya badminton kuna vijana wa shule wanaosoma kwa simu za wazazi wao, na pesa ya kinyoya haifai kutoka kwa mfuko wa mtoto wa mtu.

Kuhusu kujikatia: chukua, lakini sema. Wewe ndiye hujibu meseji saa tano usiku, hiyo ni kazi na kazi hulipwa. Andika kwa grupu kwamba katika kila shilingi mia ya mdhamini, ishirini ni za admini na themanini ni za vinyoya, halafu weka kura ya WhatsApp watu wabonyeze ndio ama hapana. Wakikubali, kila mwisho wa mwezi posti hesabu, zilizoingia ngapi, mikebe mingapi, risiti hii hapa. Na tafadhali pesa isipitie M-Pesa yako ya nyumbani. Fungueni akaunti ya kikundi, wewe na mwekahazina na mtu mmoja wa tatu ambaye si rafiki yenu. Kama mmeshakaa kwa chama mnajua vile pesa ya wengi ikichanganyika na ya unga na nauli haionekani tena, na hakuna mwizi hapo, ni kuchanganyika tu.

SWALI: Mshauri, mimi ni katibu wa grupu la tenisi Nakuru, watu 96. Kampuni moja ya bima wanataka kutulipa 15,000 kwa mkupuo lakini wameomba mtu wao aingizwe ndani ya grupu na pia tuwape orodha ya majina na namba za simu za wanachama. Wanasema kila mtu hufanya hivyo. Ni kweli?
*Section 58, Nakuru*

JIBU: Ndugu yangu, hapa nitaongea kwa uchungu kidogo kwa sababu nimeshapitia. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nasimamia grupu la tenisi hapohapo Nakuru, na biashara moja ikatuomba orodha, nikatoa, nikaona ni namba tu. Ndani ya wiki mbili watu walikuwa wanapigiwa simu mchana kutwa, hata mama mmoja mzee aliyekuwa anakuja kutazama wajukuu wake wakicheza alipigiwa mara nne. Watu 30 na kitu waliondoka kwa grupu, na wengine waliacha hata kuja uwanjani. Hao sikuwahi kuwarudisha.

Mbali na hayo kuna sheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema huwezi kutumia data ya mtu kwa biashara bila yeye kukubali waziwazi, na faini inaweza kufika hadi milioni tano. Kukubali kwa katibu hakuhesabiki kama kukubali kwa watu 96.

Hata kumwingiza mtu wao ndani ni kitu kilekile, manake yeyote aliye ndani ya grupu anaona namba za wote. Mwambie hivi, sisi tutaposti namba yenu, anayetaka bima atawapigia. Kama grupu linakua unaweza pia kufungua jumuiya ya WhatsApp yenye sehemu ya matangazo, huko wanachama wa kawaida hawaonani namba.

Na hiyo 15,000 usiiache iende, igeuze. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na Shirikisho la Tenisi la Kimataifa lina aina ya mipira ya kuchezea mahali palipopita mita 1,219, manake mipira ya kawaida huku juu inadunda sana na kupaa. Waambie walipie hiyo mipira kwa Jumamosi za miezi mitatu, na kila Jumamosi asubuhi unaandika: mipira ya leo imelipiwa na fulani, namba yao ni hii. Mchezaji akishika mpira mpya mkononi anakumbuka aliyeuleta, kuliko kupigiwa simu akiwa kwa mkutano.

Kitu kingine watu husahau, kodi. Tangu Julai 2023 malipo ya matangazo na udhamini wa mitandaoni yanakatwa asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, anayelipa ndiye anakata na kupeleka KRA, mamlaka ya kodi. Kwa hivyo kama ni pesa taslimu mmekubaliana 15,000, mkipata 14,250 msidhani mmeibiwa, ombeni cheti cha makato mkiweke.

SWALI: Sisi ni wacheza mpira wa meza Kakamega, grupu letu ni watu 34 tu na tuna meza moja ambayo neti yake imeraruka. Kuna mdhamini anaweza kuangalia grupu dogo hivyo?
*Kijana wa Lurambi*

JIBU: Yuko, ila usiombe pesa, omba kitu. Watu 34 wanaokuja kila wiki mahali pamoja ni wateja wazuri kwa duka la karibu, lile mnanunua soda na mandazi mkitoka kucheza. Nenda wewe mwenyewe, usitume meseji, nenda saa za alasiri wakati duka halina foleni, umwonyeshe mwenye duka ile neti kwa mkono. Mwambie unataka neti moja na boksi la mipira ya plastiki, ile imeandikwa 40+, usikubali ile laini ya watoto inayouzwa sokoni, inapasuka siku ya kwanza. Mpe tangazo moja kwa mwezi kwa muda wa miezi sita, na jina lake kwa kadibodi ukutani karibu na meza. Siku neti inafungwa mwite aje aifunge yeye, mpige picha, na hiyo picha ndiyo iwe tangazo la kwanza.