Kabla Hujavunja Meko ya Sebuleni

Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kuna baridi, asikudanganye mtu. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai ukungu unakufuata hadi barazani. Ndiyo maana nyumba kuukuu za huku, kama hii tuliyonunua, zina meko ya kuotea moto sebuleni. Yetu ilikuwa imepakwa rangi nyekundu ya mafuta mara sijui ngapi, inang'aa kama gari la zimamoto.

Fundi aliitupia jicho moja tu. "Nyabo," yaani bibie, "tuvunje, tubandike marumaru."

Kilichoniokoa si busara, ni bei. Nikachukua skrepa, nikakwangua kona ya chini, upana wa kiganja. Ndani kulikuwa na matofali ya kuchoma yaliyopangwa kwa ustadi ambao mafundi wa siku hizi hawana subira nao. Basi wewe nawe kwangua kwanza. Ila lowesha, usipige msasa mkavu: rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Wangu niliwahamishia kwa shangazi yao.

Halafu amua: utawasha moto, au ni pambo tu? Kama dohani imezibwa, jipambie utakavyo. Sisi tunawasha. Seremala alitaka kuishusha rafu ya mvule ili televisheni ikae chini kidogo, nikakataa. Mbao iliyochomoza iwe angalau sentimita 30 juu ya mdomo wa meko. Rafu tuliyoikuta ilikuwa imeungua ukingo, nyeusi tii.

Nilitamani pia kuzungushia mawe ya volkano kutoka Kisoro, yale meusi yenye vitundu. Nimeishia kuyatandika sakafuni mbele ya meko. Yanapendeza, lakini majivu yakishaingia kwenye vile vitundu, kitambaa hakifui dafu. Ni brashi na magoti. Mawe ya mtoni usiyasogeze karibu na moto kabisa: maji yaliyojificha ndani yakigeuka mvuke, jiwe hupasuka.

Kosa langu kubwa? Matofali ya juu yalikuwa na madoa ya masizi, nikayafunika kwa rangi ya kawaida ya ukutani. Siku ya tatu ya kuwasha moto ikababuka, na harufu yake tuliishi nayo wiki nzima. Nimekwangua tena, madoa nimeyaacha. Mama mkwe alipokuja hata hakuyaona. Alivuta kiti, akauliza kama kuna mahindi ya kuchoma.