Usimwandikie kaka yako "maradhi ya ghafla"

Futa ubeti wa pili. Umesema kaka yako alifariki baada ya kurudia unga, yaani dawa za kulevya, akiwa katika kipindi cha kupata nafuu, kwamba familia inataka shairi la maombolezo lisilolitaja jambo hilo, na kwamba sasa unatafuta kina kitakachokwenda na "maradhi ya ghafla". Mimi nilikitafuta kina hicho hicho, nikakipata, na ningali ninakilipia.

Nilipofiwa na mdogo wangu niliandika tarbia, shairi la mishororo minne katika kila ubeti, lenye beti saba. Kila mshororo ulikuwa na mizani, yaani silabi, 16, vina vya kati na vya mwisho vilikaa sawasawa, na kibwagizo kilimliza hata mtu aliyekuja kudai deni. Shairi halikupungukiwa na kitu isipokuwa marehemu. Nilimgeuza kijana mpole aliyeugua ghafla, nikalisoma mbele ya watu, na wenzake wa kikundi cha kuacha unga, ambao walikesha naye alipokuwa akitetemeka kwa arosto, yale maumivu ya kuukosa unga, wakaketi nyuma wakisikiliza habari za mtu wasiyemjua. Mmoja wao aliniomba nakala, akaisoma akiwa amesimama, kisha akanirudishia. "Huyu si yeye," alisema, akaondoka.

Sikulifungua daftari kwa mwaka mzima, kwa sababu kila nilipotaka kujifariji kwa shairi langu mwenyewe nilijikuta ninamwombolezea mgeni.

Aliyenipotosha ni bingwa mmoja wa vina, mtu wa kuhesabu silabi kwa vidole hata anaposalimiwa, ambaye aliniambia kwamba unga hauna heshima katika mbolezi, na kwamba ile miezi 17 aliyokaa mdogo wangu bila kuugusa "haiingii katika mizani". Nami, msomi wa familia, nikaitikia kwa kichwa! Nilipokuja kulihamisha kabati la marehemu nilikuta nyuma ya mlango vistari 17 vya penseli, kimoja kwa kila mwezi, na cha mwisho kimekolezwa mara mbili. Nikakaa sakafuni, nikahesabu: mi-e-zi-ku-mi-na-sa-ba. Mizani nane. Kipande kizima cha mshororo, hakipungui wala hakizidi. Bingwa wangu hata kuhesabu hakuhesabu.

Usiku huo niliandika "Miezi kumi na saba, unga aliukataa", na kwa mara ya kwanza nikalia kilio kilichonipumzisha. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba kifo chake ni ushahidi kuwa hakuwahi kuacha, ilhali mwili uliokaa muda mrefu bila unga hupoteza uwezo wa kuuhimili, na kiasi ulichokizoea zamani huweza kusimamisha pumzi. Kumbe kilichowafanya wamdharau ndicho kilichoonyesha kwamba alikuwa ameacha kweli. Nami nililificha jambo hilo mbele ya wenzake, watu waliohitaji kulisikia kuliko wote waliokuwapo.

Kwa hiyo usitie katika shairi neno lolote ambalo kaka yako mwenyewe asingelitambua, hata kama linaleta kina kitamu namna gani. Uliuliza pia kuhusu idadi ya beti. Beti ziwe zozote zile. Alikaa muda gani bila kuugusa? Uhesabu mizani yake usiku huu, kabla hujampelekea bingwa yeyote.