Iowa haichagui rais, inafyeka wagombea

Wadogo zangu, mmeuliza inakuwaje Iowa, jimbo la mahindi na nguruwe lenye watu milioni tatu na ushei, liwaamulie Wamarekani wote nani agombee urais. Na mmeuliza kama sisi wahamiaji tulioko huku Marekani tunapiga kura hiyo.

Kwanza, msifikirie mkutano mkuu wa chama kule Dodoma. Huku mchujo wa kumpata mgombea wa chama unatembea jimbo hadi jimbo, Januari au Februari mpaka Juni, na Iowa imezoea kutangulia (kwa Democratic, hadi 2020). Kwa idadi ya wajumbe wanaomteua mgombea kwenye mkutano wa chama, Iowa ni kiduchu: mwaka 2020 chama cha Democratic kiliipa 41 kati ya karibu 4,000. Nguvu yake iko kwenye pesa na habari. Ukitoka wa nne pale, wachangiaji wanafunga pochi, waandishi wanakuhama, na mishahara ya vijana wako wa kampeni haina pa kutokea. Mwaka 2024, upande wa Republican, Vivek Ramaswamy alipata chini ya asilimia 8 akajitoa usiku uleule. Ron DeSantis alishika nafasi ya pili na bado hakumaliza wiki. Majimbo 49 yalikuwa hayajahesabu hata kura moja!

Kutangulia huko kuna sheria zake. Sheria ya New Hampshire inataka mchujo wake utangulie wa jimbo jingine lolote kwa angalau siku saba. Iowa hukwepa kwa kufanya mikutano ya mitaa badala ya kura ya sanduku. Kwa Democratic, hadi 2020, watu walikutana saa moja jioni kwenye ukumbi wa shule, wakasimama kona ya mgombea wao, wakahesabiwa mbele ya majirani. Kwenye mikutano mingi, kundi lisilofika asilimia 15 lilivunjwa na watu wake wakagombaniwa. Sasa fikiria Mkongo wa kiwanda cha nyama aliye kwenye shifti ya jioni: atasimama kona gani?

Lakini majimbo haya ya mwanzo hayafyeki kila mtu. Biden mwaka 2020 alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire, majimbo yenye Wazungu wengi mno. South Carolina, ambako watu weusi ndio zaidi ya nusu ya wapigakura wa Democratic, ikamfufua tarehe 29 Februari. Ndani ya siku mbili wapinzani wake Pete Buttigieg na Amy Klobuchar walikuwa wamejitoa.

Na sisi? Mwenye green card, kibali cha ukaazi wa kudumu, hapigi kura ya rais, wala ya mchujo wake. Ukienda kuchukua leseni ya udereva unaweza kuulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Jibu hapana. Kudai uraia usio wako kunaweza kukufukuzisha nchini.

Ukishakuwa raia, tazama sheria za jimbo lako. New York asiyejiandikisha na chama hashiriki mchujo; New Hampshire asiye na chama anachagua siku hiyohiyo karatasi ya chama kimoja. Na mkiwa majimbo yanayofanya mchujo Machi, kama Minnesota au Texas, msiharakishe kutuma kura mapema. Minnesota mwaka 2020 karatasi zilishachapwa na majina yote, Klobuchar akajitoa siku moja kabla, na waliokwisha kumpigia kwa posta hawakuwa na njia ya kuirudisha.