Maswali na Majibu: Je, Nizime Masasisho ili Kishikwambi Kisiwe Kizito?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Ninatumia kishikwambi cha Android chenye RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zinazotumika) ya GB 3 na hifadhi ya GB 32, nilichokinunua mwaka 2021. Mdogo wangu ana iPad ya kizazi cha sita, ya mwaka 2018, ambayo nimesoma kwamba ina RAM ya GB 2 tu, lakini ni nyepesi kuliko changu. Changu kilianza kuwa kizito baada ya kusasishwa mfumo. Fundi ananishauri nizime masasisho yote, kwa madai kwamba kampuni huyatumia kuua vifaa ili tununue vipya. Baada ya hapo yuko tayari kukiflashi, yaani kukiwekea mfumo mwingine kwa kompyuta, ili kiwe na toleo jipya zaidi la Android na kuniwekea programu ya kusafisha RAM. Nikubali? Na nikinunua kingine, nihamie iPad?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usikubali hata moja kati ya hayo matatu. Suala la RAM nitalimaliza haraka, kwa sababu umeshagundua mwenyewe kwamba tarakimu kubwa haimaanishi wepesi. Hilo la kuzima masasisho nitakaa nalo zaidi, kwa kuwa ndilo ninaloulizwa kila siku, na karibu kila anayeniuliza ameshaambiwa jambo lile lile na mtu anayejiita fundi.

RAM ya iPad na RAM ya Android hazilinganishwi kwa kutazama tarakimu peke yake. Katika iPad, kampuni moja hubuni chipu, hutengeneza kifaa na kuandika mfumo endeshi, na programu unayoiacha ili kufungua nyingine husimamishwa karibu kabisa baada ya muda mfupi. Android huziruhusu programu kufanya mengi zaidi kwa nyuma, na namna yake ya kuzisafishia kumbukumbu huhitaji nafasi ya ziada ili ifanye kazi bila kukwama. Aidha, chipu ya A10 Fusion iliyomo kwenye iPad ya mdogo wako ilianza kutumika katika iPhone 7 mwaka 2016, ikiwa chipu ya simu ya daraja la juu, ilhali vishikwambi vingi vya Android vya bei ya kawaida huwekewa chipu dhaifu na hifadhi ya aina ya eMMC, ambayo kasi yake iko chini sana ya ile ya UFS inayowekwa kwenye simu za gharama. Hapo ndipo ninapoelekeza shaka yangu kwa upande wako. Katika GB 32, mfumo wenyewe hujitwalia sehemu kubwa, picha na video za makundi ya WhatsApp hujaza iliyobaki, na hifadhi ya namna hiyo ikikaribia kujaa, kila jambo jipya linaloandikwa hulazimika kungoja yaliyomo yahamishwe kwanza. Fungua Mipangilio, tazama nafasi iliyobaki. Ikiwa ni chini ya GB 5, anza kwa kuhamisha video kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Nawe usiionee wivu sana hiyo iPad. Mfumo wa iPadOS 18 ulipotoka Septemba 2024 uliiacha nje, ukaipokea iPad ya kizazi cha saba yenye chipu ile ile ya A10 Fusion, ambayo tofauti yake kubwa ya ndani ni kuwa na RAM ya GB 3 badala ya 2. Apple nao, kwa hiyo, wana mahali pa kukata. Wanachofanya tofauti ni kwamba wakishakata hawamtupi mteja siku hiyo hiyo: iPad za aina hiyo ziliendelea kupata viraka vya usalama (masasisho madogo ya kuziba kasoro) vya toleo la 17 ndani ya mwaka 2025.

Sasa tuje kwenye dai la fundi wako. Halikuzuka hewani, na ni haki kulieleza lilikotoka. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka zilikuwa zikipunguziwa kasi na mfumo, utaratibu ulioanza na toleo la mfumo wa iPhone liitwalo iOS 10.2.1 mapema mwaka huo, kwa lengo la kuzuia simu kuzimika ghafla pale betri inaposhindwa kutoa umeme wa kutosha. Wateja hawakuambiwa waziwazi, na kosa lilikuwa hapo. Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10, na ikaitoza Samsung euro milioni 5 kwa sasisho lililozielemea simu za Galaxy Note 4. Mwaka 2020 Ufaransa nayo ikaitoza Apple euro milioni 25 kwa kutowajulisha watumiaji. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Lakini tazama tiba iliyotolewa kwa wenye iPhone: Apple walipunguza bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na simu iliyowekewa betri mpya ilirudi katika kasi yake ikiwa na mfumo ule ule uliosasishwa. Tena utaratibu huo ulihusu iPhone, haukugusa iPad.

Kutoka katika kisa hicho chenye mipaka yake, watu wametengeneza kanuni kwamba kila sasisho ni sumu. Anayeishikilia kanuni hiyo anieleze iOS 12 ya mwaka 2018, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuvifanya vifaa vya zamani viwe vyepesi, na ambayo ilipokelewa hata na iPhone 5s ya mwaka 2013. Simu hiyo hiyo, ikiwa imeshakaribia miaka kumi, ililetewa kiraka cha usalama Januari 2023. Kampuni inayotaka kuua simu haiipelekei dawa katika umri huo.

Jambo ambalo fundi wako halitenganishi, na huenda halijui, ni kwamba chini ya jina moja la sasisho kuna vitu viwili. Kipo cha kwanza, toleo jipya la mfumo, kama kutoka Android 11 kwenda 12, ambalo huja na sura mpya na kazi mpya, na ambalo kweli linaweza kukielemea kifaa chenye RAM ndogo. Ukiniambia unaahirisha toleo jipya kwa wiki kadhaa hadi usikie wenzako wenye kifaa kama chako wanasemaje, sitagombana nawe. Cha pili ni kiraka cha usalama. Hiki hakiji na sura mpya wala programu nzito. Huja kuziba kasoro zilizogunduliwa. Google walianza kutoa viraka vya Android kila mwezi Agosti 2015, muda mfupi baada ya kufichuliwa kasoro iliyoitwa Stagefright, ambayo ilimwezesha mshambuliaji kuingia katika simu kwa kuipelekea tu ujumbe wenye video, wakati mwingine hata kabla mwenye simu hajaufungua.

Tatizo la kuzima ni hili: viraka vinapotolewa, orodha ya kasoro zilizozibwa hutangazwa hadharani, na wezi wa mitandaoni huisoma orodha hiyo kama tunavyoisoma sisi. Kifaa kisichosasishwa hakibaki katika hali iliyokuwapo jana. Ni kama mtaa mzima kutangaziwa kwamba kitasa cha mlango wako kina kasoro, nawe ukakataa kitasa kipya kwa kuwa ni kigumu kuzungusha. Ndani ya kishikwambi cha mwalimu kuna alama za wanafunzi, barua pepe ya kazi, picha ya kitambulisho cha NIDA, na pengine programu ya benki. Wepesi wa kufungua kamera haulingani na hayo.

Kuhusu uzito wako wa baada ya sasisho, kuna hali ya kawaida ambayo waganga wa simu huifanyia biashara. Baada ya toleo jipya, Android huzitayarisha upya programu zote ziendane na mfumo, na iPad hupanga upya faharasa ya picha na mafaili. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku moja au mbili, kifaa kikapata joto na betri ikaisha upesi. Kiunganishe na chaji usiku, kiwe kwenye Wi-Fi, ukizime na kukiwasha asubuhi, halafu ndipo uhukumu. Mtu anayekimbilia kwa fundi siku ile ile hulipia kitu ambacho kingeisha chenyewe, na fundi hupata sifa isiyo yake. Najua pia kwamba wengi huzima masasisho kwa kuogopa kumalizwa bando. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kuweka mpangilio wa kupakua kwa Wi-Fi pekee na kutumia mtandao wa shule au bando la usiku.

Programu za kusafisha RAM sitazipa nafasi kubwa. Zinaua programu ambazo mfumo umeziweka tayari kwa makusudi, mfumo unazifungua upya, chipu na betri zinafanya kazi maradufu, na katikati unaonyeshwa matangazo. Android yenyewe hufunga programu za nyuma RAM inapopungua.

Kuflashi ndiko kunakonikera zaidi. Toleo jipya la Android halihamishwi kutoka kifaa kimoja hadi kingine kama wimbo. Google wakishalitoa, mtengenezaji wa chipu, awe Qualcomm, MediaTek au Unisoc, huandaa programu za kuiendesha chipu yake, kisha mtengenezaji wa kishikwambi huunganisha za kamera, kioo na sauti. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, Google wamezitenga sehemu hizo na mfumo wenyewe ili kazi iwe rahisi, na tangu Android 10 baadhi ya vipande vya mfumo husasishwa kupitia Google Play. Hata hivyo, mtengenezaji akishaacha kukihudumia kifaa, fundi hana namna ya kuziba nafasi yake kwa kompyuta ya dukani. Wapo wabobezi waliojifunza kazi hiyo kwa miaka na wanaoweka mifumo mbadala inayofanya kazi vizuri kwenye baadhi ya vifaa. Hao watakutajia wazi ni kitu gani hakitafanya kazi baadaye, ikiwamo baadhi ya programu za benki, ambazo hukataa kufunguka kwenye kifaa kilichovunjwa kufuli lake la mfumo. Wengi wa wanaoahidi toleo jipya zaidi hufanya moja kati ya mawili: kuweka faili lililookotwa mtandaoni, ambalo hakuna ajuaye limepitia mikononi mwa nani, au kubadilisha maandishi tu, ili Mipangilio yaseme Android 13 juu ya mfumo wa zamani.

Mfumo wenye asili isiyojulikana una historia mbaya. Mwaka 2019 Google walithibitisha kwamba programu hasidi iitwayo Triada ilikuwa imepandikizwa katika mfumo wa baadhi ya simu kabla hazijamfikia mnunuzi. Mwaka 2020 watafiti waliripoti simu za bei nafuu zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, ambazo ziliwaunganisha wenyewe na huduma za kulipia bila wao kujua, salio likawa linayeyuka. Mwaka 2025 ilifichuliwa BADBOX 2.0, iliyoambukiza zaidi ya vifaa milioni moja vya Android visivyo na uthibitisho wa Google, vikiwamo vishikwambi vya bei ya chini. Mapandikizi ya aina hii hukaa ndani ya mfumo wenyewe, hivyo hata ukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani, yanabaki.

Udanganyifu huo wa maandishi unapatikana pia kwenye vishikwambi vipya vinavyouzwa ndani ya boksi, na kuugundua hakuhitaji utaalamu. Ingia Mipangilio, fungua sehemu ya kuhusu kifaa, soma toleo la Android, kisha soma tarehe ya sasisho la usalama iliyo karibu yake. Android 13 ilitoka Agosti 2022. Ukiona kifaa kinajinadi kuwa na Android 13 lakini tarehe ya usalama ni ya mwaka 2018, unadanganywa, na hata RAM ikiandikwa GB 12 kwenye boksi usiiamini. Kisha fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya maelezo ya programu, uone kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, huduma ya usalama ya Google. Kama kina laini ya simu, piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, na uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya kuhakiki ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania.

Umeuliza kama uhamie iPad. Kwa kishikwambi cha kazi kitakachokaa miaka mingi, rekodi ya Apple ni nzuri, na sasisho lao huvifikia vifaa vyote vinavyostahili siku moja. Lakini Android ya leo si ile ya mwaka 2015. Google waliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung wakaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Ahadi hizo ni za modeli zilizotajwa, na vishikwambi vya bei ya chini vya kampuni hizo hizo vinaweza kuwa na muda mfupi zaidi, kwa hiyo jina la kampuni halikutoshi. Tafuta namba kamili ya modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kumbuka pia kwamba miaka hiyo kwa kawaida huhesabiwa tangu modeli ilipoingia sokoni. Kishikwambi kilichoahidiwa miaka minne na kukaa kabatini kwa muuzaji kwa miaka mitatu kimekubakizia mmoja.

Kanuni hiyo inawaumiza zaidi wanaonunua iPad zilizotumika. iPad Air 2 ya mwaka 2014 bado inang'aa ukiishika mkononi, na muuzaji atakuambia ni mali ya Apple isiyochakaa, ilhali iliishia kwenye iPadOS 15. Wenye iPhone 6, ambayo iliishia iOS 12, walipoteza WhatsApp Mei 2025. Kabla ya kutoa pesa, kiwashe kifaa hapo hapo dukani, kiunganishe na intaneti, bonyeza sehemu ya kutafuta sasisho, usome toleo kilichofikia na tarehe ya kiraka cha mwisho. Muuzaji akikwambia sasisho utalifanya ukifika nyumbani, tafuta duka lingine.