Mjumbe wa bodi si mpika chai

Nilipoandika kwamba bodi ya chama cha ushirika yenye wanaume peke yao inajiharibia jina, maswali yalimiminika. Nayajibu machache.

*Chama chetu cha msingi cha ushirika kimechagua mwanamke mmoja kati ya wajumbe saba. Jina letu limesafika? – Mkulima, Newala*

Bado. Jina la chama cha korosho husafika au huchafuka siku ya malipo. Mkulima akikuta amekatwa unyaufu, yaani uzito unaopungua korosho zikikauka, bila maelezo, haulizi bodi ina wanawake wangapi. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha chama kimoja, sikitaji. Mjumbe mwanamke alipewa kalamu aandike muhtasari. Ilipofikia hesabu ya magunia, mwenyekiti akamtuma akaangalie chai imefikia wapi. Aliporudi, makato yalikuwa yameshapitishwa. Akaomba ukurasa ufunguliwe upya. Wakaguna, ukafunguliwa: magunia tupu yalikuwa yamehesabiwa mara mbili. Huyo ndiye anayewasafishia jina, ingawa siku ile hakuna aliyempa hata mkono.

*Kuna nchi zinazolazimisha kisheria? – Mwanafunzi, Mtwara*

Zipo. Norwei ilipitisha sheria mwaka 2003: bodi za kampuni kubwa zinazouza hisa kwa umma ziwe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia. Kufikia 2008, kampuni iliyokaidi ingeweza kuvunjwa. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2022.

*Wanawake kwenye bodi huongeza faida? – Mfanyabiashara, Masasi*

Tafiti zinagongana. Hata hao Wanorwei, wapo watafiti walioona bei za hisa zikishuka baada ya sheria, na wapo waliorudia hesabu wasilione hilo. Anayekuuzia hoja hii kwa ahadi ya faida anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

*Mila zetu haziruhusu mwanamke kukaa juu ya wazee. – Mzee, Lindi*

Shikamoo mzee wangu. Mila zipi? Wamwera, Wamakonde, Wamakua, Wayao, wote hao ukoo waliuhesabu kwa mama. Kweli, msemaji alikuwa mjomba, lakini ujomba wenyewe aliupata kwa dada zake.

*Nimechaguliwa juzi. Nianze na nini? – Mama, Nachingwea*

Hongera, mama. Omba leja na stakabadhi za ghala za msimu uliopita, uzipate kabla ya siku ya kikao, uzisome nyumbani kwa utulivu. Wakikutuma chai, waambie mama ntilie yupo hapo nje.