Protini haiumwi, basi haitibiwi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasindika soya hapa Morogoro. Kwenye lebo ya unga wangu mpya nimeandika: "Protini ya soya iliyotibiwa kwa vimeng'enya, yenye viondoa sumu." Binti yangu anacheka, anasema hicho si Kiswahili. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Binti yako. Anayetibiwa ni mgonjwa. Najua siku hizi hata maji "hutibiwa", na nimechoka kubishana na watu wa maji, lakini soya yako haikuumwa.

Tazama kinachotendeka. Wachoma mishkaki hupaka nyama papai bichi ili ilainike. Utomvu wa papai una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukata minyororo ya protini. Kwa soya ni vilevile: mnyororo mrefu uliojikunja hukatwa vipande vifupi viitwavyo peptidi. Kwa hiyo kitenzi chako ni kuvunja. Ungeweza kusema "iliyomeng'enywa", maana kimeng'enya chenyewe kimezaliwa na kitenzi hicho, ila mteja akiliona atakumbuka mmeng'enyo wa chakula, na hakuna anayenunua unga uliokwisha kupita tumboni mwa mtu.

"Viondoa sumu" ndiyo yenye matatizo zaidi. Magazeti yameizoea, nami nakataa, kwa sababu hapa hakuna sumu inayoondolewa. Mafuta ya karanga yakiachwa wazi muda mrefu huanza kunuka: oksijeni imeyaingilia, na kitendo hicho ni uoksidishaji. Peptidi zako hukichelewesha. Asidi amino, yaani pete zinazounda mnyororo wa protini, zilizokuwa zimefichwa ndani ya mikunjo ya protini sasa ziko nje; nyingine huzipa hidrojeni radikali huru, yaani molekuli zisizotulia zinazoeneza uoksidishaji, kabla hazijayafikia mafuta, nyingine hushika chembe za chuma na shaba zinazochochea uharibifu. (Radikali huru, tafadhali. Mtandaoni nimekuta "itikadi kali huru", kana kwamba mafuta yamejiunga na kundi la waasi.)

Sema basi "vizuia uoksidishaji". Muundo wake tunao tangu zamani: kipimajoto, kiuavijasumu, yaani ki-, kitenzi, kisha jina. Kirefu, ndiyo, lakini usikifupishe kuwa "vioksidishaji", kwani hivyo ndivyo vinavyooksidisha, na utakuwa umeandika kinyume cha unachouza.

Mimi ningeandika hivi kwenye lebo: "Unga wa soya. Protini yake imevunjwa kwa vimeng'enya ili kuchelewesha mafuta kuharibika." Lile jina refu liweke chini, kwa herufi ndogo, wanaolihitaji watalisoma. Na hiyo "kwa" uliyoitumia ni sahihi, iache: kimeng'enya ni kifaa, mvunjaji ni wewe.

Ukivunja kupita kiasi unga huweza kuwa mchungu. Dawa yake muulize mtaalamu wa chakula. Langu ni kukukumbusha tu kwamba ladha hiyo ni uchungu, si ukali. Ukali waachie wauza pilipili.